Urafiki Usioaminiwa: Mwanamume na Mwanamke katika Michezo ya Televisheni

Utangulizi

Mtazamaji aliyezoea michezo ya mfululizo itokayo Marekani hahitaji kuwa mpiga ramli ili ajue yatakayotokea. Mwanamume na mwanamke wasio na udugu wakiletwa mbele yetu katika kipindi cha kwanza, wakafanya kazi mahali pamoja, wakataniana, wakagombana, kisha wakasaidiana siku ya shida, basi hukumu imekwisha kutolewa. Watu hao watapendana, ijapokuwa itawachukua miaka saba kulitambua jambo ambalo sisi tulilitambua kwa nusu saa. Kila mchumba mwingine atakayetokea katikati ni mpita njia, na kila kizuizi ni mbinu ya kuahirisha. Na siku wawili hao wanapokumbatiana hatimaye, tunatakiwa tustaajabu.

Makala haya yanakusudia kuichunguza desturi hiyo. Hayakusudii kuyalaumu mapenzi, wala kuwaunga mkono wale waonao haya kila mahaba yanapotajwa. Mapenzi ni maudhui ya kale, na fasihi isiyoyagusa ingekuwa imepungukiwa. Lalamiko letu ni la kifani kabla ya kuwa la kimaadili. Tunadai, kwanza, kwamba desturi hii imeufanya urafiki kuwa sebule ya kungojea tu, ambamo hakuna atakaye kukaa. Pili, kwamba imezaliwa na mahitaji ya biashara ya televisheni zaidi kuliko na uchunguzi wa maisha. Na tatu, kwamba inaungana na mabadiliko fulani katika lugha yetu wenyewe, ambayo wanaisimu na wahakiki hatuna budi kuyatazama kwa makini.

Msuko wa kungojea

Mfano unaotajwa zaidi ni Cheers, mchezo wa kuchekesha ulioanza mwaka 1982 na kwisha mwaka 1993. Mandhari yake ni baa moja mjini Boston. Sam Malone, mwenye baa, ni mchezaji wa zamani wa besiboli asiyependa vitabu. Diane Chambers ni msomi aliyelazimika kuwa mhudumu wa meza. Uhasama wao unaendeshwa kwa maneno makali, na maneno hayo ndiyo yaliyoupa mchezo ladha yake. Mwisho wa msimu wa kwanza wakawa wapenzi, mwisho wa msimu wa pili wakaachana, na mashaka yao yakaendelea mpaka mwaka 1987, pale mwigizaji Shelley Long alipojitoa.

Mafanikio ya Cheers yaliwafundisha watayarishaji somo ambalo hawajalisahau. Hadithi ya televisheni ya Marekani ya wakati ule haikuwa na mwisho uliopangwa. Kila mwaka vilihitajika vipindi ishirini na zaidi, na mchezo uliopendwa ulipaswa kuendelea maadamu matangazo ya biashara yalinunuliwa. Riwaya hujua itakapokoma. Mchezo wa aina hii haujui. Kwa hiyo mtunzi alihitaji swali lisilojibiwa, swali litakalomrudisha mtazamaji juma baada ya juma, na swali rahisi kuliko yote ni hili: je, wataoana au hawataoana? Taharuki ya namna hii haigharimu chochote. Haihitaji vita, wala safari, wala mabadiliko ya mandhari. Inahitaji watu wawili wenye sura nzuri, na mlango unaofungwa kila wanapokaribia kuvuka kizingiti.

Lakini swali lisilojibiwa haliwezi kukaa milele bila kuchosha, na likijibiwa, chombo chapoteza tanga lake. Hapo ndipo linapoingia jina la Moonlighting, mchezo ulioanza mwaka 1985. Maddie Hayes, aliyekuwa mwanamitindo, na David Addison, mpelelezi mwenye domo, waligombana kwa ufasaha misimu mitatu, kisha mwaka 1987 watunzi wakawaunganisha. Mchezo ulififia na ukakoma mwaka 1989. Tangu hapo pamekuwa na imani miongoni mwa watayarishaji kwamba wapenzi wakipatana, mchezo hufa.

Imani hiyo yafaa kupimwa. Katika muda huohuo Cybill Shepherd, aliyeigiza kama Maddie, alikuwa mjamzito. Bruce Willis alikuwa akishughulika na filamu ya Die Hard, iliyotoka mwaka 1988. Mwanzilishi wa mchezo, Glenn Gordon Caron, aliondoka. Na mwaka 1988 huohuo waandishi wa Marekani waligoma. Wahusika wakuu wakawa hawaonekani pamoja katika vipindi vingi. Kusema kwamba mchezo uliuawa na mapenzi ni sawa na kulaumu harusi kwa sababu nyumba iliungua juma lililofuata. Hata hivyo watayarishaji waliishika tafsiri rahisi, nayo ikazaa kanuni yenye madhara mawili: kwamba marafiki lazima wapendane, na kwamba wacheleweshwe kadiri iwezekanavyo. Kati ya kulazimishwa na kucheleweshwa, urafiki wenyewe haukupewa nafasi.

Mwisho ulioandikwa mapema

Madhara ya kanuni hii yaonekana wazi zaidi pale ambapo watunzi hawakuikubali tangu mwanzo. The X-Files, mchezo ulioanza mwaka 1993, ulihusu wapelelezi wawili wa FBI. Fox Mulder aliamini maajabu. Dana Scully, daktari na mwanasayansi, alitaka ushahidi. Uhusiano wao ulikuwa mjadala wa watu wawili wanaotofautiana juu ya njia ya kuujua ukweli, ambao hata hivyo kila mmoja alikuwa tayari kumfia mwenzake. Urafiki wa kiakili kati ya mwanamume na mwanamke ni jambo adimu katika televisheni, na Chris Carter, mwanzilishi wa mchezo, alitangaza kwamba hakukusudia kuwafanya wapenzi.

Watazamaji hawakumwachia. Wale waliotaka wawili hao wapendane wakajipa jina, lililokatwa kutoka neno la Kiingereza lenye maana ya uhusiano, na jina hilo leo limekuwa la mashabiki wa namna hiyo duniani kote. Katika filamu ya mwaka 1998 Mulder na Scully walikaribia kubusiana, ndipo nyuki akamchoma Scully. Mwaka 2001 busu likapatikana bila nyuki. Twaweza kuuliza: ni nini kilichoongezwa? Hakuna lolote walilojua kila mmoja juu ya mwenzake ambalo hawakulijua kabla. Kilichotokea ni kwamba uaminifu wao wa miaka yote ile ulibadilishwa maana kwa kurudi nyuma, ukawa ni uchumba uliochelewa. Mtu akiutazama upya mchezo huo, haoni tena marafiki. Aona wachumba wasiojijua.

Mfano wa How I Met Your Mother, mchezo wa 2005 hadi 2014, wasikitisha zaidi. Ted Mosby anawasimulia watoto wake jinsi alivyokutana na mama yao. Tangu kipindi cha kwanza tunaambiwa kwamba Robin, ambaye Ted alimpenda, si mama huyo. Basi kwa miaka tisa Ted na Robin walijifunza, kwa taabu, kuwa marafiki baada ya mapenzi kushindikana, na hilo ni somo la watu wazima ambalo michezo michache imethubutu kulifundisha. Lakini sehemu ya mwisho inayowaonyesha watoto ilikuwa imepigwa picha mapema, mchezo ukiwa katika msimu wa pili, kwa kuwa waigizaji hao walikuwa vijana na wangekua. Kwa hiyo mwaka 2014, mama akiisha kuletwa na kupendwa na watazamaji, aliuawa kwa ugonjwa katika dakika chache, na Ted akarudishwa mlangoni kwa Robin. Watazamaji wengi walikasirika, nao walikuwa na haki. Wahusika walikuwa wamekua, mwisho haukukua. Watunzi walikuwa wafungwa wa mkanda walioufungia kabatini, na urafiki uliojengwa kwa vipindi zaidi ya 200 ukavunjwa ili deni la zamani lilipwe.

Hoja ya upande wa pili

Msomaji aweza kutujibu kwamba mapenzi huota katika urafiki, na kwamba ndoa isiyo na urafiki ni kifungo. Twakubali. Aweza pia kutukumbusha kwamba jambo hili ni la zamani kuliko televisheni. Beatrice na Benedick wa Shakespeare, katika Much Ado About Nothing, tamthilia iliyochapwa mwaka 1600, wanatukanana kabla ya kupendana, na hadhira hupata raha kwa kujua mapema. Hilo nalo twalikubali. Lakini tamthilia hiyo huchukua muda wa saa mbili tatu, nayo tangu awali ni tamthilia ya ndoa. Haikumwahidi mtu kitu kingine. Isitoshe, Benedick hapati mapenzi bure. Beatrice anamtaka achague kati yake na sahibu yake Claudio, aliyemkosea binamu yake Hero. Mapenzi yake yanajaribiwa kwa gharama ya urafiki mwingine. Palipo na gharama pana tamthilia.

Hata katika televisheni ipo mifano ya kusifika. Friends, iliyoonyeshwa kutoka mwaka 1994 hadi 2004, iliwakutanisha Monica na Chandler mjini London mwaka 1998. Uhusiano wao ulifaulu kwa sababu haukuwa umeahidiwa. Miaka minne tuliwaona wakiwa marafiki bila kutakiwa tungoje kitu, na walipopendana, waliuficha uhusiano huo kwa kuhofia kundi lao. Urafiki ulikuwa kitu chenye thamani kinachoweza kupotea. Lakini mchezo huohuo, ukiisha kuona faida, mwaka 2002 ulimfanya Joey naye ampende Rachel, na mwaka 2003 ukawakutanisha, kisha ukawatenganisha upesi kwa kuwa watunzi wenyewe waliona kwamba haiwezekani. Katika watu sita, ilionekana kana kwamba kila jozi iliyobaki ni shamba ambalo halijalimwa.

Kwa hiyo kipimo tunachopendekeza si kama marafiki wamependana au la. Kipimo ni hiki: je, mtunzi ametuonyesha kwamba urafiki ulikuwa kitu kamili, ambacho kinabadilika kwa hasara na kwa faida? Au ametuambia kwamba haukuwa kitu ila mapenzi yaliyojificha? Wa kwanza anasimulia mabadiliko. Wa pili anavua barakoa ambayo kila mtu aliiona tangu mwanzo.

Urafiki una msuko wake

Watetezi wa desturi hii husema kwamba urafiki hauna hadithi: mapenzi yana mwanzo, vizuizi na harusi, ilhali urafiki ni hali tu. Fasihi yetu yenyewe yakanusha madai hayo. Ngano ya Kima na Papa na Punda wa Dobi, iliyochapwa katika mkusanyo wa Edward Steere mwaka 1870, ni hadithi ya urafiki kuanzia neno la kwanza. Kima anamtupia papa matunda ya mkuyu. Papa anamwalika kwao. Katikati ya bahari anafunua kwamba sultani wao ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima ajiokoa kwa kusema kwamba moyo ameuacha mtini. Pana ukarimu, mwaliko, usaliti, werevu na kuachana. Hakuna kinachokosekana katika msuko huo. Urafiki una swali lake kubwa lisilo la kuoana: je, huyu ni wa kuaminiwa? Wahenga waliliweka swali hilo katika methali isemayo kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Kadhalika katika riwaya za Muhammad Said Abdulla, kuanzia Mzimu wa Watu wa Kale ya mwaka 1960, Bwana Msa na Najum ni marafiki kitabu baada ya kitabu. Wahakiki wengi wamewalinganisha na Sherlock Holmes na Watson. Mmoja anafikiri, mwingine anashangaa na kuuliza, na msomaji anafurahia kuwa nao. Hatujasikia msomaji aliyelalamika kwamba uhusiano huo haukufika popote. Umekwisha kufika, hapo ulipo ndipo kwake.

Je, Watson angekuwa mwanamke? Jibu lilitolewa na Elementary, mchezo wa Marekani ulioanza mwaka 2012 na kwisha mwaka 2019. Holmes wa hapo ni mtu anayejaribu kuacha madawa ya kulevya, na Joan Watson, aliyeigizwa na Lucy Liu, aliwahi kuwa daktari wa upasuaji, naye ameajiriwa kumsimamia. Robert Doherty, mwanzilishi wake, alisema mapema kwamba hawatakuwa wapenzi, na kwa misimu saba, vipindi 154, ahadi hiyo ilitunzwa. Haikuwa kwa kukosa taharuki. Watson alijifunza upelelezi, akaondoka, akarudi, akamlea mtoto. Holmes alirudia ulevi, akadanganya, akaomba radhi. Kila mara swali lilikuwa kama mmoja aweza kumtegemea mwenzake, na jibu halikuwa hakika.

Mchezo wa 30 Rock, wa mwaka 2006 hadi 2013, nao ulimaliza bila kuwaoza kwa kweli Liz Lemon na mkubwa wake wa kazi, Jack Donaghy. Katika kipindi cha mwisho Jack anataka kumwambia Liz kwamba anampenda, lakini anazungukazunguka na kutafuta asili za maneno, kwa sababu neno analolihitaji limekwisha kutekwa na mahaba. Ni kichekesho, lakini chagusa tatizo la kweli la lugha, nasi twapaswa kulifuata.

Suala la lugha

Kiswahili kina hazina kubwa ya maneno ya urafiki: rafiki, sahibu, mwandani, msiri, somo, shoga, mwenzi. Kila moja lina kiwango chake cha ukaribu na mahali pake pa kutumika. Hazina hiyo inapungua, na inapungua kuelekea upande mmoja. Neno shoga, ambalo wanawake wa pwani waliitana na baadhi yao wangali wakiitana kwa urafiki mwema, masikioni mwa wasemaji wengi wa bara limebaki na maana inayohusu jinsia na kitanda tu, kiasi kwamba mwalimu akilikuta katika kitabu cha zamani hana budi kulieleza. Magazeti na redio zimetuletea rafiki wa kike na rafiki wa kiume, tafsiri sisisi ya Kiingereza, ambapo neno rafiki limeazimwa kuficha neno mpenzi. Matokeo yake ni kwamba mwanamume mwenye rafiki aliye mwanamke hawezi tena kumtaja kwa maneno hayo matatu pasipo kueleweka vingine. Analazimika kusema, huyu ni rafiki yangu tu. Neno lile dogo, tu, ndilo hukumu ya zama zetu juu ya urafiki. Hakuna asemaye huyu ni mpenzi wangu tu.

Tuutazame utani pia. Michezo tuliyoitaja huchukulia kwamba mwanamume na mwanamke wanaochokozana kwa maneno wameonyesha ushahidi wa tamaa. Sisi tumelelewa katika jamii ambamo bibi humwita mjukuu wake mume wangu, na shemeji hutaniwa kwa maneno ya mahaba mbele ya watu wote, na hakuna anayeshuku. Ni kweli kwamba baadhi ya watani, kama mabinamu katika jamii fulani, huweza kuoana. Lakini utani wenyewe si posa. Ni mkataba unaowaruhusu watu kukaribiana bila hatari, na kuambiana kweli ambayo wengine hawathubutu kuitamka. Mtunzi wa Kiswahili aliyekulia ndani ya mkataba huo ana nyenzo ambayo mwenzake wa Hollywood hana. La kusikitisha ni kwamba, tangu milango ya televisheni yetu ilipofunguka zaidi kwa kuanzishwa kwa KTN mwaka 1990, tumekula sana mifano ya nje, na ya kwetu tumeitumia kidogo.

Nguvu ya mazoea hayo ilionekana hata kwa njia ya kinyume. Katika Vitimbi, mchezo wa kuchekesha ulioonyeshwa miaka mingi na shirika la utangazaji la taifa, Benson Wanjau, yaani Mzee Ojwang, aliyefariki mwaka 2015, na Mary Khavere, yaani Mama Kayai, waliigiza kama mume na mke. Nje ya mchezo hawakuwa mume na mke. Walikuwa wasanii wenzi. Hata hivyo Wakenya wengi waliamini kwamba wameoana kweli, na ilibidi mara kwa mara waelezwe sivyo. Sehemu ya imani hiyo ni sifa kwa uigizaji wao. Sehemu nyingine ni ugumu wetu wa kufikiri kwamba mwanamume na mwanamke waweza kufanya kazi bega kwa bega maisha yao yote, kwa ustadi na heshima, bila siri nyingine nyuma ya pazia.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba kugeuzwa kwa urafiki kuwa mapenzi katika televisheni si kanuni ya maisha bali ni kanuni ya biashara iliyovaa nguo za maisha. Kwamba michezo iliyoikataa haikupungukiwa na msuko. Na kwamba fasihi na desturi zetu zina mifano ya kutosha ya urafiki unaojitegemea.

Jambo hili halihusu burudani peke yake. Katika madarasa yetu hukaa vijana wa kiume na wa kike watakaokuwa walimu wa shule moja, wahariri wa gazeti moja, wanachama wa kamati moja. Ikiwa kila hadithi wanayoiona yawaambia kwamba ukaribu wao una maana moja tu, basi watakaribiana kwa woga au hawatakaribiana kabisa, na watakaopata hasara zaidi ni wanawake, ambao ushirika wao kazini hutafsiriwa haraka kuwa mwaliko. Mhakiki hawezi kumlazimisha mtunzi aandike nini. Aweza, hata hivyo, kumwuliza, kila anapowaleta wahusika wawili jukwaani na kuanza kuwasogeza pamoja: je, umewasikiliza hawa, au unalipa deni la mtu mwingine? Na sisi walimu wa lugha twaweza kuanza na jambo dogo lililo mikononi mwetu. Tulirudishie neno rafiki uzito wake, tukilitumia bila kulifungia mkia wa tu.